Saa Kumi ya Wakorea

Jumatatu, 3 Machi

Daftari jipya. Lile jingine ni la dada wa mazoezi ya kuongea – humo naandika anachotaka yeye: leo Mzee ametoa sauti gani, mara ngapi, ameonyesha kidole wapi. Hili ni langu mwenyewe. Jioni nitalibeba mkobani, mchana litakaa kazini, kabati la chini, nyuma ya gauni za upasuaji zilizokatika kamba. Chumba cha mashuka cha hospitali kina mshonaji mmoja tu, mimi. Hakuna atakayepekua huko.

Leo miezi saba tangu kiharusi. Mkono wa kulia bado umelala. Mguu anauburura. Na mdomo – "ee", "ba", "ee". Basi! Mume wangu aliyetangaza mabasi stendi miaka thelathini na moja! Watu wa mitaa ya karibu walijua saa kwa sauti yake. Sasa akitaka maji anagonga mkono wa kiti, kama mtu anayebisha hodi nyumbani kwake mwenyewe.

Nilirudi saa kumi kasoro. Kitinda alikuwa ameshamlisha na kumbadilisha shati. Kitinda ni wa mwisho wangu, miaka kumi na tisa, ndiye anayeshinda na baba yake nikiwa kazini. Nikachukua rimoti nitafute habari. Mzee akanidaka mkono! Kwa ule wa kushoto, kwa nguvu kabisa. "Ee! Ee!" Nikatazama TV. Theluji. Stesheni ndogo ya treni. Mwanamke wa Kikorea, glavu nyeupe, mbele ya kipaza sauti, anatangaza treni inayoingia.

Nikaelewa. Nikairudisha rimoti mezani.

Kitinda alipoona ni tamthilia ya Kikorea akatoka nje haraka, kama kuna kitu kinaungua jikoni. Hakikuwepo kinachoungua.

Alhamisi, 6 Machi

Siku ya nne. Ikifika saa kumi kasoro dakika tano Mzee anaanza kuitazama saa ya ukutani. Miaka yote ya ndoa hakuwahi kunisubiri mimi hivyo.

Na mimi nimenasa. Niseme ukweli, daftari halicheki. Mara ya kwanza niliona sura zote moja – nilisema hivyo kwa sauti, na nilijiona nimesema la maana. Leo namjua kila mmoja hata akiwa amenipa mgongo. Yupo yule wa glavu. Yupo baba yake, aliyekuwa mkuu wa stesheni, amestaafu na hasemi na mtu. Yupo mama mkwe – Mdomo Sindano, nimempa jina. Halafu kuna kijana anayelia kila siku. Wanaume wa kule wanalia, jamani, kama bomba lililopasuka! Na mvua ikinyesha lazima kuwe na mwavuli mmoja na watu wawili.

Wamewatia sauti za Kiswahili, ila nyimbo wameziacha vilevile.

Nilichokiona leo: binti anampa baba yake kikombe. Mikono miwili, kichwa chini kidogo. Amevua viatu mlangoni kwanza. Kabla mkubwa hajashika kijiko, mdogo hagusi chakula. Nikajikuta nimekaa wima. Haya ndiyo tuliyolelewa nayo! Nimekaa miaka mitatu nikimgombeza mtoto wangu kwamba anafuata ya watu wasiojua heshima.

Jumapili, 9 Machi

Niandike kwa nini Kitinda hakai saa kumi.

Alianza akiwa na miaka kumi na tano. Nyimbo kwanza – wale vijana saba saba wenye nywele za rangi, wanacheza kama wamefungwa uzi mmoja. Halafu tamthilia. Halafu akajifunza herufi zao peke yake, akazibandika ndani ya mlango wa kabati. Akawa anasoma, anaandika, anajisemea akiosha vyombo. Mzee hakupenda. "Mtoto wangu ananiongelesha kama redio iliyoharibika," alikuwa anasema, na wageni wanacheka, na Kitinda anacheka nao, akiangalia chini.

Jioni ile Mzee alirudi amechoka. Akaita mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kitinda alikuwa na hedifoni, anaimba. Mzee akazivuta, waya ukakatika. Akasema, "Nenda basi ukazaliwe huko, hapa umekosea njia." Nilikuwa mlangoni na beseni. Kitinda hakuwahi kumjibu baba yake maishani. Siku ile akamjibu: "Wewe mwenyewe kazi yako kupiga kelele, na hakuna anayekunyamazisha."

Kesho yake alfajiri Mzee akaanguka bafuni.

Tulipokuwa hospitalini, mwanangu mkubwa, yeye ni fundi umeme, anakaa mbali, alipiga simu. Nikaweka sauti ya juu wote tusikie. Akamwuliza mdogo wake kilichotokea, na Kitinda kwa ujinga wake wa kusema kweli akamwambia yote. Kaka yake akasema: "Umemuua baba na nyimbo zako."

Kitinda alibandua karatasi zote za kabatini siku ileile. Chuo kilikuwa kimemwita – kozi ya lugha na tafsiri, alikuwa anaota siku moja ayatie Kiswahili yeye hayo ya Wakorea. Akaandika barua kuomba kuahirisha. Amekaa nyumbani. Anamwogesha baba yake, anamgeuza, anamkata kucha. Hajasikiliza wimbo hata mmoja tangu siku hiyo.

Majirani wanasema nimebarikiwa mtoto.

Jumatano, 12 Machi

Niandike upesi kabla sijasahau.

Leo kwenye tamthilia yule wa glavu alikuwa anahamishwa stesheni. Baba yake amesimama mwisho wa jukwaa, treni inaanza kuondoka, hasemi kitu – na wimbo ukaingia. Ule wa kila siku. Nilikuwa napiga pasi. Nikasikia sauti ya mwanaume nyuma yangu. Nene. Imepasuka kidogo, lakini imeshika tuni.

"Kajima... kajima..."

Nikafikiri ni TV. Kisha wimbo kwenye TV ukapanda juu na ile sauti ikabaki chini. Nikageuka. Mzee! Mdomo umepinda upande mmoja, mate yanamtoka, macho yako kwenye treni. "Kajima." Neno zima. Lina mwanzo na mwisho!

Sikujua ni neno. Nilidhani ni ile "ba, ba" imebadilika. Nikasema, "Mzee, unataka nini? Nini hicho?" Kitinda akaingia anakimbia, mikono ina sabuni hadi kwenye viwiko. Alikuwa anafua nyuma ya nyumba na alisikia kupitia dirishani. Akasimama mbele ya baba yake.

"Rudia, baba."

"Ka-ji-ma."

Akapiga magoti palepale na povu lake.

"Anasema nini?" nikauliza. "Kitinda, baba yako anasema nini?"

Alikuwa ameinamisha kichwa kwenye lile goti lisilofanya kazi. Ilibidi nimshike bega. Ndipo akasema bila kuinua uso:

"Usiende. Anasema usiende."

Pasi iliunguza mto wa kochi. Siandiki hilo kwenye daftari la dada wa mazoezi.

Niseme na hili pia, kwa kuwa hapa nasema yote. Niliona wivu. Miezi saba namfuta, namlisha, namwita majina yote tuliyoitana tukiwa vijana, nimemtajia jina langu kama nafundisha mtoto mchanga. Neno la kwanza limetoka kwa Kikorea, na limeenda kwa Kitinda.

Alhamisi, 13 Machi

Dada wa mazoezi alipiga makofi! Ni binti mdogo, miwani mikubwa, daima anatembea na kengele mfukoni. Anasema si muujiza, ameshawaona wengine. Maneno ya kusema yana njia yake kichwani, na njia hiyo kwa Mzee imebomoka. Nyimbo zina njia nyingine, ya upande wa pili. Anaweza kupitia huko. "Hata kama hajui maana, mama. Amesikia wimbo huo kila siku kwa zaidi ya juma. Sasa uchukueni wimbo uleule, toeni maneno yao, tieni ya kwenu. Mafupi. Maji. Choo. Ndiyo. Hapana."

Akauliza nani nyumbani anaujua wimbo vizuri.

Kitinda alikuwa anatazama sakafu. Nikasema, "Huyu."

Ijumaa, 21 Machi

Siku tisa za kuimba. Nyumba yetu imekuwa kama kwaya iliyokosa padri.

Kitinda anakaa kwenye kigoda mbele yake, anampigia mkono wa kushoto taratibu kwenye goti, anaanza: "Ma-ji, ma-ji," kwa sauti ya ule wimbo wa treni. Mzee anafuata. "Cho-o-ni." Hili linavutwa sana, inabidi tukimbie, tukicheka. "Ndi-yo." "Ha-pa-na" bado linakwama kwenye "pa". Akilikosa anafumba macho kwa hasira, na Kitinda anasema, "Gwenchana, baba," yaani hakuna tabu, na wanaanza tena.

Kitinda amekaa nasi saa kumi yote siku tatu sasa. Kwanza alisimama mlangoni. Kisha akaegemea. Jana akaketi. Na ameanza kurudi kuwa yule yule – hawezi kunyamaza! "Mama, hapo wametafsiri vibaya. Wamesema 'nenda salama.' Baba yake hakusema hivyo. Amemwuliza, umekula?" Nikasema, umekula na nenda salama wapi na wapi. Akanieleza: kule mtu akishindwa kusema nakupenda, au nina wasiwasi na wewe, au nimekosa, anauliza umekula. Nikamwambia wangenipa mimi kazi hiyo, mbona ndiyo lugha yangu ya kila siku! Akacheka hadi akajishika mbavu. Miezi saba sijaona meno ya mtoto wangu.

Kuna namna nyingi za kusema jambo moja, anasema. Kwa mkubwa namna yake, kwa mwenzio namna yake, kwa mdogo namna yake. Ukikosea mwisho wa neno tu, umetukana. Kama mtu amwambie bibi yake "mambo vipi." Nikauliza kuomba radhi je. Akasema kwa mkubwa ni neno refu, chwesonghamnida, na unainama. Kwa mdogo ni mianhe tu.

"Na mama kwa mtoto wake?"

Akafikiri. "Kwenye tamthilia mama wengi hawasemi, mama. Wanachukua kipande cha samaki wanamwekea mtoto juu ya wali wake. Mtoto anaelewa."

"Na kama kosa ni kubwa?"

"Kubwa kama lipi?"

Nikasema naenda kuangalia chai.

Haya. Daftari ni langu. Niandike.

Mzee alikuwa ameacha dawa za presha. Miezi miwili kabla ya kuanguka. Zilimlegeza. Siku moja stendi alitangaza basi la mchana kuwa limeondoka na lilikuwa halijaondoka, watu wakacheka, na yeye hakuwahi kukosea miaka thelathini na moja. Akaja nyumbani akaviweka vidonge juu ya kabati, nyuma ya sanduku. "Usiwaambie watoto. Watanifanya mgonjwa." Nikasema sawa. Nilikikuta chombo cha vidonge hivyo kila nilipofuta vumbi. Nilikiona hakipungui. Nilinyamaza. Sikutaka ugomvi, na nilimwona yuko mchangamfu, anatangaza vizuri.

Halafu mwanangu mkubwa akasema lile neno kwenye simu, sauti ya juu, na mimi nimesimama hapo na mkoba wangu. Nilijua. Nikanyamaza tena. Nilijiambia si wakati wake, nitasema kesho. Kesho imekuwa miezi saba.

Na kimya hiki kimenifaa! Hilo ndilo baya zaidi. Mtoto asiyejiona na kosa angeenda chuo. Nani angebaki na Mzee asubuhi?

Jumamosi, 29 Machi

Mwanangu mkubwa alikuja jana. Hakutoa taarifa. Saa kumi na dakika kumi, tumeketi wote watatu, Mzee katikati, Kitinda anapiga goti lake kwa wimbo.

"Shikamoo mama. Shikamoo baba." Kisha akaona TV. Alisimama na begi lake bado begani.

"Hii kitu bado iko humu ndani?"

Kitinda akainuka. Nikamwambia kaka yake, "Kaa, mwanangu, dada wa hospitali ndiye alisema..." Hakunisikiliza. Alizima yeye mwenyewe, hakutumia rimoti, alichomoa waya ukutani. "Baba yupo hivi kwa sababu ya upuuzi huu, na mnamkalisha nao tena!"

Mzee alianza kugonga mkono wa kiti. Alikuwa mwekundu wa macho. Alitaka kusema "hapana," nilijua, nilimwona akilitafuta. Lakini hakukuwa na wimbo, TV imezimwa, na Kitinda ameshikwa na bumbuwazi, hakuna wa kumwanzishia. Likatoka lile la kwanza. "Ka-ji-ma! Ka-ji-ma!"

Mwanangu mkubwa akafunika uso kwa mikono. "Mmemgeuza kasuku," alisema. "Baba yangu. Mmemgeuza kasuku wa Wakorea." Na akalia, yeye anayenambia tangu utotoni kwamba halii.

Kitinda akaenda jikoni. Akarudi na chai. Akampa kaka yake kwa mikono miwili, kichwa chini, akasema, "Nisamehe, kaka. Najua ni mimi."

Najua ni mimi!

Hapo ndipo. Mlango ulikuwa wazi kabisa. Maneno yalikuwa mdomoni, niliyahisi kwenye meno. Unajua nilisema nini?

"Rudisha waya wa TV."

Hicho tu. Aliurudisha. Akaondoka asubuhi hii na basi la kwanza, hakula.

Jumatano, 2 Aprili

Kliniki. Daktari mpya, kijana, ana faili la Mzee mbele yake na anasoma kila ukurasa, si kama wale wengine. Kitinda amesimama nyuma ya kiti cha magurudumu, ameshika mfuko wa nguo.

"Hapa naona alikuwa anapewa dawa za presha. Alikuwa anazinywa?"

"Kitinda," nikasema, "mletee baba yako maji."

"Chupa hii hapa, mama, ina maji."

"Ya baridi."

Akaenda. Nikasubiri mlango ufungwe. Nikamwambia daktari: alikuwa ameacha, miezi miwili. Akaandika. Nikauliza kama hasira inaweza, ugomvi, tuseme mtu ameudhiwa jioni. Akaweka kalamu chini. "Mama, presha ya namna hii bila dawa miezi miwili – hiyo yenyewe inatosha. Inatosha kabisa. Nani alijua kwamba ameacha?"

"Mimi."

Mzee alikuwa ananitazama. Anaelewa kila kitu, watu wanasahau hilo, wanapaza sauti wakimsemesha kama kiziwi. Aliinua mkono wa kushoto. Akaonyesha mlango ambao Kitinda ametokea. Akanitazama. Akaonyesha mlango tena. "Ee."

"Anataka choo," nikamwambia daktari.

Mzee akaushusha mkono. Hakuinua tena hadi tumefika nyumbani.

Jumatatu, 7 Aprili

Nimeshona mashuka kumi na mawili na nimeyafumua manne. Mshono umekwenda upande.

Chuo kimepiga simu nyumbani. Nafasi ya Kitinda wanaishikilia mpaka Jumatatu ijayo, baada ya hapo wanampa mwingine. Kitinda aliniambia akiwa anakunja nguo, kama anavyosema sabuni imekwisha. "Nimewaambia wampe tu."

"Kwa nini?"

"Mama." Alinitazama kwa mshangao hasa. "Nitaendaje?"

Mzee tangu kliniki haimbi na mimi. Nikianza "ma-ji" anageuza uso ukutani. Akiwa na Kitinda anaimba vizuri. Jana alipata "hapana" lote, mpaka mwisho.

Ijumaa, 11 Aprili

Leo nimelitoa daftari kabatini moja kwa moja, libaki nyumbani. Nikiendelea kulificha nitajidanganya kwamba nimeshasema.

Jumamosi, 12 Aprili

Nimesema.

Niko jikoni. Naandika kwa sababu sijui mikono niiweke wapi.

Ilikuwa saa tisa na nusu. Nilikuwa nimepanga maneno, nianzie mbali kidogo, nieleze ile siku ya stendi watu walivyocheka. Kitinda alikuwa anamchana baba yake nywele. Nikasema, "Kitinda, mwanangu, keti." Akaketi. Nikafungua mdomo na yale niliyopanga yote yakapotea.

"Siyo wewe," nikasema. "Baba yako aliacha dawa za presha miezi miwili kabla ya kuanguka. Nilijua. Daktari amesema hiyo ndiyo sababu. Siyo nyimbo, siyo maneno yako. Nimekosa, mwanangu. Nimekukosea sana."

Kitana kilikuwa bado mkononi mwake. Nilidhani atalia. Nilidhani atapiga kelele, na nilitaka apige. Yeye akaanza kuuliza, polepole, kama karani anayejaza fomu.

"Siku kaka anaongea kwenye simu, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Siku naandika barua ya chuo?"

"Ndiyo."

"Siku kaka amekuja? Nilipompa chai?"

"Ndiyo, mwanangu."

"Na maji ya baridi yale, kliniki."

Hilo hakuliuliza. Alilisema.

Akamgeukia baba yake. Akapiga magoti mbele ya kiti, akamshika mkono wa kushoto, akaupiga taratibu kwenye goti lake, moja, mbili, tatu, nne. Hakuimba neno, alimpa mapigo tu. "Baba, ni kweli?"

Mzee alinitazama mimi kwanza. Kisha akamtazama yeye. Machozi yalikuwa yameshafika kwenye upande ule wa uso usiojua kama unalia.

"Ndi-yo," akaimba. Akavuta pumzi. Hajawahi kuunganisha maneno mawili, hata dada wa mazoezi alisema tusitegemee mapema. "Ndi-yo... m-mi-mi."

Mimi. Anajitaja mwenyewe! Anataka kulibeba kosa peke yake. Nikasema, "Hapana, Mzee, ni sisi wawili," na Kitinda akainua kiganja, hakunitazama, kama anayezuia gari. Nikanyamaza. Kwa hilo nina uzoefu.

Akamfuta baba yake uso. Akambusu paji. Akamsukuma hadi nje, uani, kwenye kivuli cha ukuta, akakaa naye chini. Walikaa huko muda mrefu. Nilichungulia dirishani mara mbili. Mara ya pili Kitinda alikuwa na simu sikioni, nikasikia, "Kaka, sikiliza. Usinikatize. Leo unanisikiliza mimi." Sikukaa nisikie zaidi. Nimesikiliza vya kutosha nyuma ya milango.

Niliandaa chakula. Sahani tatu. Nikazifunika.

Saa kumi imepita. Na robo sasa. TV haijawashwa. Mzee yuko uani na hakugeuka hata kutazama ndani.

Kitinda ameingia. Amesimama mlangoni pa jikoni na nimefunika daftari kwa kiganja. Nikamwuliza – na nilipolitamka ndipo nikasikia ninachosema – "Umekula?"

"Bado, mama. Ahsante."

Ahsante! Kwa adabu zote, kama tumekutana ofisini.

"Jumatatu nitakwenda chuo," amesema. "Asubuhi. Nitarudi jioni."

"Nenda. Nitaomba zamu ya usiku. Au nitaacha kazi, nitaona..."

"Baba amekunywa dawa ya leo?"

"Amekunywa. Saa mbili asubuhi. Nilimpa mwenyewe, kwa mkono wangu."

Hakusema anaamini, hakusema haamini. Alipita nyuma yangu, akavuta kiti hadi kwenye kabati la chumbani, juu yake ndiko dawa bado zinakaa. Nimesikia kikikwaruza sakafu. Nimesikia chombo kikifunguliwa. Sasa nasikia vidonge kwenye meza, vinaanguka kimoja, kimoja, na yeye ananong'ona hesabu, aone kama cha leo kweli kimepungua.

Nimeinuka nikamsaidie. Nimekaa tena.

Amefika kumi na nne.

Anavirudisha vyote kwenye chombo. Anaanza upya.